Jina la Tovuti: Lieleze Bidhaa au Libuniwe?



Vyama vya ushirika, shule, vikundi vya akina mama na hata misikiti na makanisa vimo mbioni kufungua tovuti. Kamati huitishwa, gharama hujadiliwa kwa saa mbili, kisha jina la kikoa, yaani ile anwani ambayo watu wataiandika ili kuifikia tovuti, huamuliwa katika dakika tano za mwisho, wajumbe wakiwa wamekwisha kusimama. Aghalabu anayeliamua ni kijana aliyekodiwa kuitengeneza tovuti, naye huchagua lile lililo rahisi kwake. Iwapo kuna mtu mwingine atakayeulizwa, basi ni mwalimu, kwa kuwa anadhaniwa kuwa na lugha, au ofisa ushirika, kwa kuwa anadhaniwa kuzijua taratibu. Kwa sababu hiyo mazungumzo haya yanaelekezwa kwenu.

Fikirieni chama cha wafugaji nyuki mkoani Tabora. Asali yao ni ya misitu ya miombo, ni nzuri, na kwa miaka mingi imekuwa ikiondoka kijijini katika madumu yasiyo na jina na kuuzwa mijini katika chupa zenye majina ya watu wengine. Sasa chama kinataka kuiuza chenyewe. Katika kamati hutokea kambi mbili. Kambi ya kwanza yasema: mnunuzi anapotafuta asali huandika neno asali, basi jina la tovuti liwe neno hilo hilo, asali, au asali safi, au asali ya Tabora. Hilo ni jina la maelezo. Kambi ya pili yasema: neno asali ni la kila mtu, chama kitafute jina lake peke yake, hata kama halitaji asali, kisha kilijaze sifa kwa kazi yake. Hilo ni jina la kubuni.

Mgogoro huu si wa mapambo. Tofauti kati ya bei ya asali ya dumu na bei ya asali ya chupa yenye jina linaloaminiwa ndiyo ada ya shule ya mtoto wa mfugaji nyuki, na tofauti hiyo humwendea yule mwenye jina.

Historia yenyewe ni fupi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kompyuta zilizounganishwa katika mtandao zilijulikana kwa nambari, na orodha ya majina yake ilitunzwa katika faili moja nchini Marekani. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, akifanya kazi pamoja na Jon Postel, alibuni utaratibu wa majina ya vikoa ambao unatumika mpaka leo. Jina la kwanza kusajiliwa na kampuni likiwa na mkia wa .com lilikuwa symbolics.com, tarehe 15 Machi, 1985. Kwa miaka kumi majina yalitolewa bure. Mwaka 1995 ada ikaanza kutozwa, dola 100 kwa miaka miwili, na haikuchukua muda wakazuka walanguzi.

Watu wa makamo wanalikumbuka neno ulanguzi tangu enzi za sabuni na sukari kufichwa chini ya mvungu. Mlanguzi wa majina hana hata mvungu. Huyanunua maneno ya kawaida ya lugha, maneno yasiyotungwa na babu yake peke yake, huyakalia, kisha hungoja mwenye haja. Jina la business.com, yaani biashara, liliuzwa mwaka 1999 kwa dola milioni 7.5. Jina la voice.com, yaani sauti, liliuzwa mwaka 2019 kwa dola milioni 30. Nyuma ya bei hizo ilikuwapo imani moja, kwamba mwenye neno ndiye mwenye soko.

Imani hiyo ilipimwa mapema. Nchini Marekani kampuni ya Pets.com, iliyokuwa na jina la maelezo lisilohitaji tafsiri kwa kuwa iliuza vyakula na vifaa vya mbwa na paka, ilifungua duka lake la mtandaoni Novemba 1998, ikauza hisa kwa umma Februari 2000, na Novemba mwaka huo huo ikafunga milango. Si haki kusema kwamba jina ndilo lililoiua. Iliuawa na hesabu ya kuuza kwa bei iliyo chini ya gharama. Lakini jina ambalo wengi walilionea wivu halikuiokoa hata kwa mwaka mmoja. Wakati huo huo Jeff Bezos, ambaye kampuni yake ya mwaka 1994 ilianza kwa jina la Cadabra, alikuwa amekwisha kuliacha jina hilo na kuchukua la mto mkubwa wa Amerika ya Kusini. Mwezi Julai 1995 Amazon ilianza kuuza vitabu. Mto huo hauna uhusiano wowote na vitabu, na hiyo ndiyo faida yake: kampuni ilipotaka kuuza viatu, vyombo vya jikoni na mengineyo, haikuhitaji kubadili kibao mlangoni. Laiti ingejiita kwa neno vitabu, ingejifungia katika rafu ya vitabu.

Hata hivyo, kambi ya jina la maelezo ilikuwa na hoja moja yenye nguvu, na kwa muda ilikuwa hoja ya kweli. Mitambo ya kutafutia habari katika intaneti ilikuwa inayapa uzito maneno yaliyomo katika anwani. Mtu akiandika maneno fulani, tovuti iliyokuwa na maneno hayo hayo katika jina lake ilikuwa na nafasi nzuri ya kutokea juu, hata kama ndani yake hamkuwa na lolote la maana. Watu wakafungua maelfu ya tovuti za namna hiyo, majina mazuri na matumbo matupu. Tarehe 28 Septemba, 2012, Matt Cutts wa kampuni ya Google alitangaza badiliko lililokusudiwa kuzishusha tovuti duni zilizokuwa zikipanda kwa nguvu ya jina tu. Alisema kwamba badiliko hilo lingegusa asilimia 0.6 ya maswali ya Kiingereza nchini Marekani. Asilimia hiyo yaonekana ndogo, lakini ilitosha kuonyesha mwelekeo. Yafaa ikumbukwe kwamba Google yenyewe, iliyosajili jina lake tarehe 15 Septemba, 1997, haikujiita kwa neno lenye maana ya kutafuta. Ililichukua neno la wanahisabati linalotaja nambari moja ikifuatwa na sifuri 100, na likaandikwa kwa namna yake.

Ndiyo kusema, chama cha Tabora kikinunua leo jina lenye neno asali kwa kutumaini kwamba mtambo utakipandisha, kitakuwa kimenunua tiketi ya gari lililokwisha kuondoka. Neno asali na lionekane ndani ya tovuti, katika vichwa vya habari, katika maelezo ya ufugaji, katika picha za mizinga. Huko ndiko mitambo inakosoma.

Lipo pia jambo ambalo washauri wa kigeni hawalisemi, kwa kuwa hawaijui lugha hii. Shauri la jina la maelezo lilizaliwa katika Kiingereza, ambamo neno hubadilika kidogo sana: huongezwa herufi moja mwishoni ili kuonyesha wingi, basi. Kiswahili hufanya kazi yake mwanzoni mwa neno. Kitabu ni vitabu, mche ni miche, ufugaji ni wafugaji ni mfugaji ni kufuga. Mtu anayetafuta miche ya miembe huenda akaandika miche, mche, miti, au embe. Mwenye kununua jina la maelezo kwa Kiswahili hupata mlango mmoja katika nyumba yenye milango minane, na wengi wa watafutaji hupita milango mingine, wengine hupitia Kiingereza kabisa. Ongezeni hapo kwamba anwani haina nafasi kati ya neno na neno. Mmiliki wa, ya, za na cha, ambao katika sentensi hufanya kazi ya misumari, katika anwani hugeuka vifundo, na msomaji hulazimika kuliangalia jina mara mbili ili ajue neno lipi linaishia wapi. Anwani hairuhusu ila herufi, tarakimu na kistari, na sehemu moja ya jina haiwezi kuzidi herufi 63. King'ong'o hakipiti. Chama cha wafugaji wa ng'ombe kikitaka kujitaja kwa bidhaa yake kitaandikwa ngombe, na mwalimu wa Kiswahili katika kamati hiyo atapaswa kumeza mate.

Kwa upande mwingine lugha hii imewapa wenyewe zawadi ambayo Kiingereza hakina. Jina la Kiswahili likitamkwa redioni au kwenye simu huandikwa kama lilivyosikika. Waanzilishi wa tovuti ya picha ya Flickr, iliyoanza mwaka 2004, waliidondosha irabu katika neno la Kiingereza, na tangu hapo kila anayeitaja kwa mdomo hana budi kueleza jinsi inavyoandikwa. Mswahili haimpasi kujipatia taabu hiyo. Onyo ni moja tu: yaepukwe majina yanayotegemea tofauti ya r na l, au ya dh na z, kwa kuwa wananchi huja na ndimi za lugha zao za kwanza, na mteja aliyesikia vingine ataandika vingine.

Sasa sheria. Katika nchi nyingi msingi ni mmoja: neno linalotaja bidhaa yenyewe haliwezi kumilikiwa na muuzaji mmoja wa bidhaa hiyo, kwa maana wauzaji wengine wote wangenyang'anywa ulimi. Nchini Tanzania Bara Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inataka alama iwe yenye kupambanua, yaani imwezeshe mnunuzi kutenganisha bidhaa ya huyu na ya yule. Mtu hawezi kwenda kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, akaomba neno asali liwe lake kwa ajili ya asali. Lakini neno la kawaida lililohamishwa kutoka mahali pake laweza kuwa alama imara. Twiga na simba ni wanyama. Juu ya mfuko wa saruji ni alama, na fundi anayemtuma kijana dukani akaseme alete Twiga hamtarajii arudi na mnyama mwenye shingo ndefu. Wazee wa pwani walilijua jambo hili bila wakili. Jahazi la kubeba mikoko halikuitwa Mbeba Mikoko. Lilipewa jina lake, na kwa jina hilo likajulikana bandari hadi bandari, likisifiwa au likilaumiwa lenyewe.

Kesi kubwa juu ya suala hili ilimalizika Marekani mwaka 2020, na inastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu pande zote mbili hupenda kuitaja. Kampuni ya Booking.com ilianzia Uholanzi mwaka 1996, nayo hushughulika na kuwatafutia wasafiri vyumba vya hoteli. Iliomba jina lake lisajiliwe kuwa alama ya biashara. Ofisi ya alama ya Marekani ikakataa: neno la kwanza lina maana ya kuweka nafasi, na mkia wa .com ni mkia tu, kama vile kuandika neno kampuni. Ofisi ilikuwa na sababu ya kujiamini, kwa kuwa mwaka 2009 mahakama ya rufani iliwanyima wenye Hotels.com haki ya namna hiyo hiyo. Booking.com haikukubali. Ilileta utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 74.8 ya walioulizwa waliliona jina hilo kuwa la kampuni fulani, si la huduma kwa jumla. Shauri likafika Mahakama Kuu ya juu kabisa, likasikilizwa kwa simu mwezi Mei 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko, mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kufanya hivyo. Tarehe 30 Juni majaji wanane dhidi ya mmoja waliipa kampuni ushindi. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika hukumu. Jaji Stephen Breyer alipinga, akihofia kwamba wenye maneno ya kawaida sasa watawatisha wadogo.

Wapenzi wa majina ya maelezo huishia hapo na kupiga makofi. Wangeendelea kusoma wangekuta kwamba ushindi huo ni mwembamba. Mahakama haikusema kwamba kila neno likifungwa mkia huwa mali. Ilisema kwamba yatategemea jinsi wanunuzi wenyewe wanavyolielewa jina. Na kampuni yenyewe ilikiri mbele ya majaji kwamba alama kama hiyo ni dhaifu, na kwamba jirani mwenye jina linalofanana nalo hawezi kushtakiwa kwa urahisi. Kwa maneno mengine, kampuni yenye fedha za kutangaza duniani kote kwa miaka mingi iliweza kulifundisha soko kwamba neno la kawaida ni jina lake, na baada ya kazi yote hiyo ikapata uzio wa miba michache. Chama cha Tabora hakina fedha hizo. Kikijiita Asali Safi, mwezi ujao atatokea mwingine wa Asali Safi Sana, na hakuna hakimu atakayemzuia.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba jina la kubuni ni dawa ya kila homa. Siku ya kwanza ni gunia tupu. Halimwambii mpita njia lolote, na kulijaza kunahitaji kazi ya miaka: lebo ile ile, ubora ule ule, barua zinazojibiwa. Kikundi kinachotaka kuuza mavuno ya msimu mmoja kisha kivunjike hakina haja nalo. Tena jina likifanikiwa kupita kiasi laweza kumponyoka mwenyewe. Huko Marekani kampuni ya Bayer iliipoteza haki ya kulimiliki neno aspirini mwaka 1921, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wamekwisha kuligeuza kuwa jina la dawa yenyewe. Na nani nchini Tanzania, akipanda gari la magurudumu matatu, huuliza kwanza limetengenezwa na kampuni gani? Ni bajaji, hata kama Bajaj wa India hakulitengeneza. Mtu hupaka viatu kiwi, hata kama kopo lina jina jingine. Lakini huo ni ugonjwa wa walioshiba. Chama kinachoanza kisiuogope leo.

Kwa watumishi wa umma lipo la kutofautisha. Taasisi ya serikali haina mshindani wa kupambanuliwa naye, kwa hiyo jina la maelezo ndilo linaloifaa. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilifanya vema kutumia ajira.go.tz: kijana aliyemaliza masomo Kigoma hahitaji kukariri kifupisho chochote. Linaloilinda anwani hiyo si neno ajira, ambalo ni la watu wote, bali ule mkia wa go.tz, ambao hutolewa kwa taasisi za serikali tu. Tapeli aweza kulichukua neno ajira na kulifunga mkia mwingine, na walimu watafanya jambo la maana wakiwafundisha vijana kuusoma mkia kabla ya kichwa. Ipo mikia mingine: co.tz ni ya biashara, or.tz ya mashirika yasiyo ya kibiashara, ac.tz ya vyuo, sc.tz ya shule. Upo hata mkia wa hotel.tz, ambao ni jibu zuri kwa mwenye hoteli anayetaka neno hilo lionekane: mkia hueleza, kichwa hubaki kuwa jina. Tangu mwaka 2017 upo pia mkia wa .africa.

Tena kuna jambo linalowahusu wasemaji wa Kiswahili peke yao. Neno ambalo kwao ni la maelezo, kwa watu wengine duniani ni la kubuni, tena tamu mdomoni. Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, alipoupeleka mchezo wake wa vipande vya mbao kwenye maonyesho ya London mwaka 1983 aliuita Jenga. Kwa mnunuzi wa huko lilikuwa neno lisilo na maana, na kwa hiyo likawa jina lililo imara; kwa mtoto wa Kinondoni ni amri. Mwaka 2003 kampuni ya Apple ilikiita Safari chombo chake cha kusomea tovuti. Mwaka huo huo kampuni ya Disney ilipata usajili nchini Marekani wa maneno hakuna matata kwa ajili ya nguo, na mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kupinga. Sheria ya Marekani haimzuii mtu wa Tanga kuyasema maneno hayo, wala usajili wa nguo si umiliki wa lugha. Wengi wa waliokasirika hawakulifahamu hilo. Hasira yenyewe lakini ilikuwa na chanzo cha haki: neno lilikuwa na thamani, na waliolizaa hawakuwahi kuiona thamani hiyo mpaka mwingine alipoibandika kwenye fulana.

Waliokwisha kuiona ni vijana wa Kenya. Mwezi Januari 2008, nchi ikiwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, walifungua tovuti ya kupokea habari za wananchi juu ya matendo ya ukatili na kuzionyesha katika ramani. Waliiita Ushahidi. Kwa Mkenya jina hilo lilieleza kazi yake kwa neno moja, bila kuhitaji tangazo. Programu hiyo ilipotumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010, jina lile lile lilikuwa jipya kwa kila aliyelisikia, wala hakuna aliyedai kwamba ni neno la kawaida. Hapa kambi mbili za kamati ya Tabora zingeweza kupeana mikono.

Turudi basi Tabora. Kati ya jina linalotaja bidhaa na jina lisilotaja kitu pana njia ya tatu, nayo ni jina linalodokeza. Mjumbe mmoja atapendekeza Mzinga. Ni zuri, ila Morogoro lipo Shirika la Mzinga, na mizinga ya huko haikai nyuki. Mwingine atasema Sega, kwa kuwa asali hutoka katika masega. Sega ni kampuni ya Japani ya michezo ya kompyuta, na yeyote atakayelitafuta neno hilo ataletewa hiyo kwanza. Wa tatu atasema Moshi, ule unaowafukuza nyuki, na wajumbe wote watacheka, kwa kuwa Moshi ni mji mwingine wenye sifa ya kahawa. Kamati isichoke. Kazi ya kupata jina ni ya siku kadhaa, si ya dakika tano, na jina linaloanguka leo kwenye meza ya kamati halitaanguka mwakani mahakamani.

Huenda mzee mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: anayetoa asali mzingani huitwa mrina. Neno hilo ni fupi, ni la kazi yao wenyewe, linamtaja mtu badala ya bidhaa, na kesho chama kikiuza nta au mishumaa bado litafaa. Kasoro yake ni ile iliyotajwa: wengine husema kurina, wengine kulina. Basi yasajiliwe yote mawili, mrina na mlina, la pili limwelekeze mteja kwenye la kwanza. Ada ya jina la ziada kwa mwaka ni ndogo kuliko bei ya debe moja la asali.

Kabla ya kulipa, daftari la alama la BRELA litazamwe, kwa kuwa kusajili anwani si kusajili alama; yule anayepewa anwani huenda akaja kunyang'anywa na mwenye alama. Zanzibar ina ofisi yake ya usajili, na chama kinachotaka kuuza katika hoteli za Unguja kisidhani kwamba karatasi ya Dar es Salaam inavuka bahari. Mambo yote mawili yafanywe kwa siku zinazofuatana, wala jina lisitangazwe katika mkutano wa hadhara kabla ya hapo, maana mlanguzi naye huhudhuria mikutano.

Mwisho ni suala la nani anaandikwa kuwa mwenye jina. Hapa ndipo vyama vingi hupotezea mali bila kujua, kwa sababu kijana fundi hujaza fomu kwa jina lake, kwa barua pepe yake na kwa simu yake, kisha huhamia mji mwingine. Si lazima awe mwizi. Inatosha abadili simu, ukumbusho wa ada umfikie asiyekuwapo. Hata wakubwa wamesahau. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1999 kampuni ya Microsoft ilikuwa haijalipia jina la passport.com, lililotumika kuwafungulia watu barua pepe zao za Hotmail. Wateja wakabaki nje mpaka mtaalamu mmoja wa kompyuta, asiye mwajiriwa wa kampuni hiyo, alipolipa dola 35 kutoka mfukoni mwake. Aliyelipa alikuwa na nia njema. Katika fomu ya chama cha Tabora mwenye jina awe chama, barua pepe iwe ya ofisi, neno la siri likae katika bahasha ndani ya kasha moja na cheti cha usajili wa chama, na tarehe ya kulipia ada iandikwe katika daftari la mweka hazina, kwenye ukurasa ule ule wa tarehe ya mkutano mkuu wa mwaka.